Christine Jorgensen na Maneno ya Ombi Lake

Christine Jorgensen alizaliwa tarehe 30 Mei 1926 huko Bronx, mjini New York, mtoto wa pili wa seremala ambaye ukoo wake ulitoka Denmark. Dada yake, Dorothy, alimtangulia. Cheti cha kuzaliwa kiliandika kwamba mtoto ni wa kiume, naye akapewa jina la baba yake, George William. Kwetu Butembo angeitwa Mumbere, kwa kuwa ndiye wa kwanza wa kiume, na hakuna ambaye angehitaji kusoma cheti, maana jina la Kinande hubeba jinsia na zamu ya kuzaliwa kwa pamoja. Kambale ni wa pili wa kiume, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne. Ukisikia Masika au Kavira ukiwa bado upande wa pili wa ukuta, unajua kwamba anayeitwa ni wa kike. Nimeanza na jina kwa sababu nilipokuwa nikisoma habari za mtu huyu, kilichonishika zaidi hakikuwa kisu cha daktari. Zilikuwa karatasi: nani aliandika nini, kwa neno gani, na ni ofisi ipi iliyolikubali neno hilo.

Utotoni alikuwa mpole, mwembamba, mwenye kuona haya, na michezo ya fujo ya wavulana wenzake ilimkimbiza. Alimaliza sekondari mwaka 1945 na jeshi likamwita muda mfupi baadaye. Vita vilikuwa vimekwisha, hivyo alipelekwa kambi ya Fort Dix kufanya kazi ya ukarani, akipanga majalada ya askari waliokuwa wakirudishwa nyumbani. Mwaka 1946 naye akaachiwa. Baada ya hapo alitangatanga kidogo. Alijaribu bahati Hollywood, akasomea upigaji picha huko New Haven, kisha akajiandikisha katika chuo cha wasaidizi wa madaktari mjini New York. Miaka hiyo haina mengi ya kusimulia, isipokuwa kitabu kimoja.

Kitabu hicho kiliandikwa na Paul de Kruif na kilitoka mwaka 1945. Kilieleza kwa lugha nyepesi jinsi homoni zinavyofanya kazi mwilini. De Kruif aliwaandikia wanaume waliopungukiwa nguvu. Jorgensen alikisoma kinyumenyume: kama kitu kidogo cha kikemia ndicho kinachoufanya mwili uwe wa kiume, basi kitu kingine cha kikemia kinaweza kuuelekeza upande wa pili. Alikwenda dukani akamweleza muuza dawa kwamba anasomea kazi ya kitabibu, akauziwa vidonge vya estrojeni, akaanza kuvimeza peke yake. Baadaye daktari mmoja, Joseph Angelo, ambaye mke wake alisoma darasa moja na Jorgensen, alikubali kumwangalia asije akajidhuru.

Upasuaji aliouhitaji haukupatikana nchini mwake. Wapasuaji wa Marekani waliogopa sheria ya kale iliyotoka Uingereza, iliyokataza kumlemaza mtu kwa kumwondolea kiungo. Sheria hiyo ilitungwa zamani za wafalme, ili mwanamume asijikate akashindwa kupigana vitani. Karne nyingi baadaye ilikuwa bado inawazuia madaktari, hata pale mgonjwa mwenyewe alipowasihi. Jorgensen alisikia kwamba huko Sweden kuna madaktari walio tayari kusikiliza. Mwaka 1950 akapanda meli, na kwa kuwa alikuwa na jamaa Copenhagen, akapitia huko kwanza. Hakufika Sweden.

Copenhagen alielekezwa kwa Christian Hamburger, daktari wa homoni katika taasisi ya taifa ya Statens Serum Institut. Hamburger alimkubali na hakumtoza hata senti moja, ila malipo yalikuwepo kwa namna nyingine: Jorgensen awe mtu wa kufanyiwa utafiti. Kila siku alikusanya mkojo wake wote katika chupa, aliyokwenda nayo popote, kazini na matembezini, ili maabara ipime homoni zake. Hamburger alimpa dawa kwa miezi, akaziacha, akazirudisha, akiandika mabadiliko yote. Watu wanaosimulia maisha ya Jorgensen hupenda kuruka sehemu hii wafike haraka kwenye umaarufu. Mimi naona ndiyo penyewe. Zaidi ya mwaka mzima mtu huyu aliishi katika hali ya mwombaji ambaye hajajibiwa, chupa mkononi, bila kujua kama mwishoni atapewa ruhusa au tiketi ya kurudi.

Ruhusa haikuwa mikononi mwa Hamburger. Denmark ilikuwa na sheria ya mwaka 1935 iliyoruhusu kuhasiwa kwa mtu, kwa kibali cha Wizara ya Sheria. Sheria hiyo iliwalenga watu wa aina mbili: wale ambao tamaa yao ya mwili ingeweza kuwaingiza katika uhalifu, na wale ambao tamaa hiyo iliwatesa akili au kuwatenga na jamii. Haikuwa na habari ya mtu anayesema kwamba yeye ni mwanamke. Neno la kumtaja mtu wa namna hiyo halikuwemo kabisa. Aliyetaka kupita alipaswa kuingia kwa mlango wa mateso ya tamaa, hata kama tamaa siyo iliyomleta.

Hapo ndipo alipoingia Georg Stürup, daktari wa magonjwa ya akili. Alizungumza na Jorgensen mara nyingi, akapima akili yake, na hatimaye yeye ndiye aliyelipeleka ombi serikalini. Wizara ya Sheria wakati huo iliongozwa na Helga Pedersen, mwanasheria aliyejulikana pia kwa kutetea haki za wanawake. Tukilitazama ombi lile kwa jicho la isimu, ni kazi ya tafsiri. Upande mmoja kuna mtu anayeeleza maisha yake kwa maneno ya nyumbani. Upande wa pili kuna kifungu cha sheria chenye msamiati wake, kisichobadilika hata herufi. Mfasiri yuko katikati, naye anajua kwamba neno moja likikaa vibaya, ombi linarudi. Utambuzi ambao madaktari wale waliuandika baadaye katika jarida la kitabibu la Marekani mwaka 1953 ulitumia neno lililotungwa na Mjerumani Magnus Hirschfeld mwaka 1910 kutokana na mizizi ya Kilatini, lenye maana ya mtu anayevaa nguo za jinsia nyingine. Mavazi! Jorgensen hakusafiri bahari nzima kwa ajili ya gauni. Lakini hilo ndilo neno lililokuwepo ghalani, na mtu mwenye njaa hachagui sahani.

Kibali kilitoka. Tarehe 24 Septemba 1951, katika hospitali ya Gentofte, alifanyiwa upasuaji wa kwanza. Wa pili ulifanyika Novemba 1952 katika Rigshospitalet, hospitali kuu ya Copenhagen. Mwaka huohuo wa 1952 ubalozi wa Marekani ulimpa pasipoti yenye jina jipya. Alilichagua Christine kwa heshima ya daktari wake, Christian. Kwa hiyo jina alilochagua mwenyewe lilikuwa pia la shukrani.

Hapa nijitie kidogo katika habari hii. Diploma yangu ya mwisho wa sekondari ilitoka ikiwa na jina langu sawasawa, Kavira, na mbele ya neno jinsia herufi M. Kosa la mchapaji tu. Yeyote aliyesoma jina angeligundua, maana hakuna mwanamume anayeitwa Kavira. Ofisi niliyoiendea ilinitaka nilete karatasi ya komini, komini ikanitaka nilete diploma iliyo sahihi. Nilizunguka miezi minne kati ya madirisha mawili nikijieleza kwamba mimi ni mimi. Nami nilikuwa na sura, sauti, jina na ukoo mzima wa Mususa nyuma yangu. Katika mji huu kuna watu waliokimbia vijiji vya Beni wakiacha hata kadi ya mpiga kura ndani ya nyumba iliyoungua. Hao wanajua vizuri zaidi kuliko mimi maana ya kusimama mbele ya dirisha bila karatasi. Silinganishi misiba. Nasema tu kwamba nilipofika kwenye ukurasa wa Copenhagen, sikuhitaji kuelezwa.

Kabla ya kurudi nyumbani alikuwa amewaandikia wazazi wake barua ndefu kueleza yaliyotokea. Wazazi walishtuka, kisha wakampokea. Barua hiyo ikafika mikononi mwa waandishi, na tarehe 1 Desemba 1952 gazeti la Daily News la New York liliweka habari yake ukurasa wa kwanza, na picha mbili kando kwa kando, ya askari na ya mwanamke. Alikuwa bado kitandani hospitalini. Alipotua New York Februari 1953 alikuta umati wa wapiga picha uwanjani. Miezi miwili baadaye gazeti jingine la mji huo lilichapisha mfululizo wa makala likidai kwamba yeye si mwanamke hata kidogo. Silaha yao ilikuwa msamiati uleule: neno la Hirschfeld, ambalo Copenhagen lilisaidia kumfungulia mlango, New York lilitumika kumfungia.

Huko Denmark barua zilianza kumiminika kwa Hamburger. Katika muda wa miezi michache watu 465 walimwandikia kutoka nchi nyingi, wote wakiomba jambo lilelile. Wengine walieleza maisha yao yote, wengine walitaja tu siku ambayo wangeweza kufika. Hamburger alizisoma na mwaka 1953 akachapisha utafiti juu yake. Hizo barua natamani sana kuzisoma moja moja, kwa sababu ni mkusanyo adimu: watu wasiojuana, wa lugha mbalimbali, wakijaribu kusema kwa mara ya kwanza jambo ambalo lugha zao hazikuwa na jina lake. Lakini jibu la serikali ya Denmark lilikuwa fupi. Upasuaji huo ukawa wa wakazi wake tu, na wageni wakafungiwa. Mlango ambao Jorgensen alipita ulifungwa kwa sababu alionekana akipita. Yeye mwenyewe aliandamwa na barua za waliokwama nje, na kwa miaka alijibu kadiri alivyoweza, akiwaelekeza wengi kwa Harry Benjamin, daktari Mjerumani aliyefanya kazi New York.

Waliofungiwa Denmark waliishia wapi? Wengi walikuja Afrika. Casablanca palikuwa na daktari wa wanawake, Mfaransa Georges Burou, ambaye tangu mwaka 1956 alifanya upasuaji huo katika zahanati yake, mahali palepale alipozalishia akina mama. Burou hakuwa na haja ya hati za wizara wala vyeti vya daktari wa akili. Aliuliza machache. Mwimbaji wa Paris, Coccinelle, alikwenda kwake mwaka 1958, na Mwingereza April Ashley mwaka 1960. Baadhi ya wenzangu niliowasomea rasimu hii waliona kwamba Casablanca basi ilikuwa na huruma kuliko Copenhagen. Sina hakika. Copenhagen ilidai maneno mengi na haikudai fedha. Casablanca ilidai fedha, na asiyekuwa nazo alibaki na maneno yake kwao.

Kwingineko masharti yaliongezeka. Mwaka 1966 chuo kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore kilifungua kliniki ya kwanza ya aina hiyo katika chuo kikuu cha Marekani, na mwaka huohuo Benjamin akatoa kitabu chake kikubwa juu ya suala hilo. Mwombaji alipaswa kuishi kwanza muda mrefu katika jinsia anayoitaka, kuhojiwa, na kusimulia maisha yake tangu utoto. Madaktari walishangaa kuona jinsi masimulizi yalivyofanana: tangu utotoni, siku zote, bila shaka yoyote. Ilichukua muda kwao kutambua kwamba waombaji nao walikisoma kitabu cha Benjamin. Sandy Stone, katika insha yake ya mwaka 1991, alieleza jambo hilo vizuri: kliniki iliuliza maswali, waombaji wakajifunza majibu, na majibu yakarudi kitabuni kama ushahidi wa kisayansi. Hata maisha ya Jorgensen, aliyoyaandika na kuyachapisha mwaka 1967, yalisomwa na wengi namna hiyo, kama mtu anavyosoma mitihani ya miaka iliyopita. Sioni kwamba hao ni waongo. Anayejua kwamba fomu ina nafasi ya mstari mmoja hawezi kuandika mistari kumi.

Jorgensen aliishi kwa jukwaa. Aliimba, alicheza, alitania katika kumbi za usiku, akawajengea wazazi wake nyumba Long Island. Upasuaji uliobaki alifanyiwa Marekani mwaka 1954, kwa msaada wa Angelo na Benjamin. Wengine walimdharau kwa kazi hiyo ya majukwaa, ingawa ofisi gani ingemwajiri sura yake ikiwa magazetini kila wiki?

Mwaka 1959 alitaka kufunga ndoa na Howard Knox, mchapaji wa taipureta. Nimeandika kufunga ndoa, na sikuandika hivyo kwa bahati. Mpaka hapa Kiswahili kilikuwa kimenibeba bila taabu. Vyanzo vya Kiingereza na Kifaransa vinagombana juu ya kila kiwakilishi, na magazeti ya 1952 yalichanganya kiwakilishi cha kiume na cha kike ndani ya aya moja. Mimi niliweka a- kwa mtoto wa Bronx, a- kwa karani wa Fort Dix, a- kwa mwanamke wa Copenhagen, na hakuna aliyeniuliza kitu. Wako wanaosema kwa hiyo kwamba lugha zetu za Kibantu hazijali jinsia. Waje kwenye kitenzi hiki. Mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa, na huwezi kuandika sentensi ya kawaida bila kuamua. Kinyambuo kimoja kidogo, -w-, kinafanya kazi yote ya afisa wa serikali. Nilipofika hapo katika rasimu ya kwanza niliandika akataka kuolewa, na kwa kuandika hivyo nilikuwa nimekwisha kutoa hukumu ambayo karani wa New York aliikataa. Karani huyo alitazama cheti cha kuzaliwa cha 1926, akakuta neno la kiume, akakataa kutoa leseni. Pasipoti haikumtosha, wala madaktari wa Copenhagen, wala kibali cha wizara. Habari zikatoka magazetini, na Knox akapoteza kazi yake. Ndoa haikufungwa, na Jorgensen hakufunga nyingine maishani mwake.

Jambo hilo halikuwa la New York peke yake. Uingereza mwaka 1970 mahakama ilibatilisha ndoa ya April Ashley kwa hoja ileile ya kuzaliwa. Na karibu nasi, Nairobi, mwaka 2014 Mahakama Kuu iliamuru baraza la mitihani la Kenya kumpa Audrey Mbugua cheti cha sekondari chenye jina lake na kisicho na alama ya jinsia. Mbugua hakuwa akiomba upasuaji katika kesi ile. Aliomba karatasi, ili aweze kuomba kazi.

Miaka ya sabini vyuo vikuu vilimwalika Jorgensen kuhutubia, naye akazunguka Marekani akijibu maswali ya wanafunzi wa umri wetu, mengine ya adabu na mengine yasiyo na adabu. Alihamia California. Katika miaka ya themanini alirudi Copenhagen kwa ajili ya filamu iliyotengenezwa huko, akapita tena katika mji alioutembea akiwa na chupa yake. Saratani ilimwanzia kwenye kibofu, ikafika mapafuni. Alifariki tarehe 3 Mei 1989 huko San Clemente, siku 27 kabla ya kutimiza miaka 63.